Kiatu cha Chuma cha Bi Sabaha Mwalishi

Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tano mitaa ya Kariakoo ilikuwa ya mchanga, na asubuhi, kabla mifagio haijapita, mtu mwenye macho mazuri na kazi chache aliweza kusoma nyayo akajua nani alirudi kwake na nani alirudi kwingine. Nyayo za Bi Sabaha binti Mwinyimvua hazikuhitaji msomaji. Wa kulia ulikuwa unyayo kama wa watu: kisigino, ukingo mwembamba wa nje, vidole. Wa kushoto ulikuwa pasi ya mkaa. Ulipiga chini wote mzima, bila pengo hata la kupita sisimizi, tena ulielekea kando, kana kwamba mguu mmoja unakwenda Mkunguni na mwenzake ana shughuli zake Msimbazi.

Kazi yake ilikuwa kualika. Alikuwa mwalishi, na kwa wale waliozaliwa baada ya karatasi kushinda inafaa kueleza. Siku zile mtu hakuhesabiwa kuwa amealikwa harusini kwa sababu alisikia habari zake, wala kwa sababu mwenye harusi alimpungia mkono sokoni. Alialikwa pale mwalishi alipofika nyumbani kwake, akapiga hodi, akavua viatu, akaingia, akakaa mkekani, akauliza hali ya kila mtu mpaka ya kuku, kisha akasema: “Fulani anakusalimu, anakwambia Alhamisi ana shughuli ya mwanawe, ufike wewe na wa kwako.” Asiyefanyiwa hivyo hakwenda, na asiyekwenda hakusahau. Kulikuwa na familia mbili za Mtaa wa Kipata zilizokuwa hazisemezani tangu vita ya kwanza ya Wazungu, na chanzo hakikuwa vita.

Bi Sabaha hakujua kusoma herufi za Kizungu, wala hakuona hasara. Kichwani mwake zilikaa nyumba mia moja na sitini, kwa mpangilio wa nani aambiwe kwanza na nani asijue kwamba mwenzake aliambiwa kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mwili wa kutosha, sauti ya kufika uani, na mguu wa kushoto uliokuwa umeanza kukataa.

Ulianza kwa kuvimba kidogo chini ya kifundo, upande wa ndani. Akapaka mafuta ya nyonyo. Ukaendelea. Akaukanda kwa maji ya chumvi, akaumikwa chuku ya kunyonya damu, akafungwa majani ya mbono na mwanamke wa Ilala aliyesifiwa kwa migongo. Mguu ulipokea heshima zote hizo ukazidi kulala. Kwa miaka minne upinde wa unyayo ulishuka mpaka ukawa haupo, kisigino kikageukia nje, na kifundo kikaegemea ndani kama mlevi aliyepata ukuta.

Hapo ndipo Binti Shomari wa Mtaa wa Sikukuu, ambaye ni mama mwenye nyumba tatu na binti mmoja, alipotangaza kwamba binti ataolewa mwezi wa Mlisho, kabla ya Ramadhani. Bi Sabaha alikuwa ameialika harusi ya Binti Shomari mwenyewe. Hakuna aliyefikiri kuna jambo la kujadili, isipokuwa Shaibu.

Shaibu Shomari alikuwa kaka wa Binti Shomari na karani wa bandarini. Alivaa miwani, na mfukoni alikuwa na kalamu mbili, moja ikiwa ya kuandikia. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba masanduku yaliyoandikwa ndiyo masanduku yaliyoshuka, na kazi hiyo ilimfanya asiamini kitu chochote kisichoandikwa.

“Dada,” alisema, wakiwa barazani kwa Binti Shomari, Bi Sabaha naye amekaa pale pale, “dunia imekwenda mbele. Watu wanapiga chapa kadi. Kadi haichoki, haivimbi, na haikai kwa watu saa nzima ikinywa chai.”

“Chai ninayokunywa ni ya kwako?” akauliza Bi Sabaha.

“Shangazi, mimi nakuonea huruma. Huo mguu umestaafu, wewe tu hujapelekewa barua.”

“Na kichwa chako je? Kilistaafu lini?”

Binti Shomari akacheka, kisha akautazama mguu, na alipoutazama akaacha kucheka. Nyumba mia moja na sitini zilikuwa kazi ya siku nne kwa mtu mzima. Wiki iliyopita Bi Sabaha alikuwa ametumia asubuhi nzima kwa nyumba tano, na kutoka ya tano alirudishwa akisukumwa kwa rikwama la muuza maji.

“Somo,” akasema Binti Shomari kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, “tuko Januari. Tufanye hivi. Katikati ya Machi nataka watu waanze kualikwa. Mguu ukiwa unatembea, kazi ni yako, kama ilivyokuwa kwangu. Usipotembea, Shaibu apige chapa.”

Shaibu akatoa kalamu akaandika tarehe. Bi Sabaha hakuwa na haja ya kuandika. Alijua kwamba harusi ya Sikukuu ikialikwa kwa karatasi, ya Narung’ombe itafuata, na baada ya mwaka mmoja yeye atakuwa mwanamke mnene mwenye mguu mbaya anayefahamu majina ya watu wengi.

Kesho yake akaenda hospitali kubwa.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mpole, aliyezungumza zaidi na miguu ya watu kuliko nyuso zao. Mkalimani alikuwa Isidori, dresa wa kufunga vidonda, kijana Mchaga kutoka Kilimanjaro, Mkristo, nadhifu, aliyepiga kiwi viatu vyake mpaka mgonjwa angeweza kujitazama humo akajua hali yake kabla ya kumwona daktari.

“Mama, anasema ugeuke, umpe mgongo.”

Bi Sabaha akageuka. Daktari akachuchumaa nyuma yake, kisha akasema kitu.

“Anasema,” akatafsiri Isidori, “kwa mguu wa kulia, akikutazama kwa nyuma, anaona kidole kimoja na nusu. Kwa mguu wa kushoto anaona vinne.”

“Mwambie vyote ni vyangu.”

Isidori hakulitafsiri hilo. “Anasema sasa usimame kwa ncha ya vidole, mguu mmoja mmoja.”

“Nichungulie nini?”

“Huchungulii kitu, Mama. Unapanda tu.”

Akapanda kwa mguu wa kulia, akishika meza, na kisigino kikanyanyuka vizuri. Akahamia wa kushoto. Akavuta pumzi, akakaza shingo, akamwita Mola. Mguu wa kushoto ulibaki pale pale kama haukuwa umesemeshwa.

Daktari akaushika mkononi akajaribu kuurudisha mahali pake kwa kuukunja huku na huku. Ukarudi nusu, ukagoma. Akakaa kwenye kiti akaeleza kwa kirefu, na Isidori akafupisha. Kuna mshipa, alisema, unaozunguka nyuma ya kifundo cha ndani na kushikilia upinde wa mguu. Huo umesuguliwa miaka mingi ukalika kama kamba ya kisima. Ulipokatika mifupa ikaanguka, na sasa imeanza kuzoea ilipoangukia. Dawa ya kunywa hapana. Dawa ya kupaka hapana. Dawa ni kupasua, kuirudisha mifupa katika safu yake, kisha kugandisha viungo vitatu ili visicheze tena, na plasta miezi mitatu.

“Viungo vyenyewe vimemkosea nini?”

“Ndivyo vinavyouma, Mama. Visipocheza, haviumi.”

“Na kwenda juu na chini, kwa kusujudu?”

Isidori akauliza. Daktari akafikiri kwa uzito zaidi kuliko alivyotarajiwa. Alisema juu na chini kutakuwepo, kiungo cha juu hatakigusa. Kutakakokufa ni kwenda upande upande.

“Sina safari ya upande upande,” akasema Bi Sabaha. “Lakini miezi mitatu siwezi. Mwambie nina harusi mwezi wa Mlisho. Mwezi wa Ramadhani hakuna harusi. Ramadhani apasue atakavyo.”

“Mlisho ndiyo mwezi gani?” akauliza Isidori, na kabla hajajibiwa akamwambia daktari kwamba mgonjwa ni mtu wa shughuli nyingi.

Daktari akakubali kwa masharti. Mpaka hapo mgonjwa avae kiatu maalumu: bamba gumu la ngozi ndani ya kiatu kulinyanyua tao, na ufito wa chuma kando ya mguu mpaka chini ya goti, na mkanda wa kuvuta kifundo kisiegemee. Hakitaponya, alisema, lakini kitabeba. Maumivu yatapungua na ataweza kutembea. Kuna sharti moja. Isidori akalitafsiri polepole, akiinua kidole:

“Usivue. Unaoga, unaswali, unalala, hapo sawa. Zaidi ya hapo, mguu huu usikanyage chini bila kiatu hiki. Umesikia, Mama?”

“Nimesikia, mwanangu.”

Na kweli alikuwa amesikia. Ubaya ulikuwa kwamba kila mmoja wao aliona sharti hili limekamilika.

Kiatu kilitengenezwa na fundi Marcelino, Mngoni wa Songea aliyeshona viatu chini ya kibaraza karibu na soko, na aliyekuwa akipelekewa kazi na hospitali kwa kuwa hakuogopa michoro. Aliuchora mguu wa Bi Sabaha juu ya karatasi ya sementi, akautazama mchoro, akatazama tena mguu kuhakikisha.

“Bi mkubwa, huu nimewahi kuuona.”

“Wapi?”

“Mchangani. Nilikuwa nadhani ni mtu anayeburuta gunia.”

Siku kumi baadaye kiatu kilikuwa tayari. Kilikuwa cheusi, kirefu, na kilikuwa na tundu ishirini na mbili za kamba, mkanda mmoja, ufito mmoja na kishindo chake. Mwenzake wa kulia kilikuwa kiatu cha kawaida, lakini kando ya kile cha kushoto kilionekana kama kimekuja kumsindikiza mgonjwa. Bi Sabaha alitembea nacho kutoka kwa Marcelino mpaka kwake, na kufika mlangoni akasimama, kwa kuwa alikuwa amefika bila kuhesabu hatua. Mguu uliuma, lakini uliuma kama mtu anayenong’ona. Akamwombea Marcelino, akamwombea Mzungu, hata Isidori akapewa sehemu, na akakiacha kiatu mlangoni akaingia ndani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ilichukua wiki saba mtu kugundua.

Februari nzima alifanya kazi ndogo ndogo: hitima mbili, arobaini ya mtoto, ngoma ya kumtoa mwari. Kila nyumba alifika na kiatu cha chuma, akapiga hodi, akakaa juu ya baraza akafungua tundu ishirini na mbili na mkanda, akaingia miguu mitupu juu ya sakafu ya sementi, akashuka mkekani, akanyanyuka kutoka mkekani kwa kuutegemea mguu ule ule, akatoka, akafunga tundu ishirini na mbili na mkanda, akatembea hatua kumi na tano mpaka nyumba ya pili, akafungua. Wiki ya pili aliona ni upumbavu kufunga kamba kwa ajili ya hatua kumi na tano. Akawa anakibeba mkononi. Kiatu kilichoundwa kubeba mguu sasa kilibebwa na mkono, kutoka nyumba hadi nyumba, na mguu ukitembea kando yake mtupu kama zamani. Alikivaa kwa ukamilifu siku alizokwenda hospitali.

Machi ilipoingia mguu ulikuwa umevimba kupita Januari. Daktari alikigeuza kiatu, akachungulia ndani, akapapasa bamba. Lilikuwa jipya kabisa. Akaandika barua ya kurasa mbili kwa daktari mwenzake Nairobi kuhusu ugonjwa usiotii chuma.

“Unakivaa, Mama?”

“Sijatoka nyumbani bila hiki hata siku moja,” akasema Bi Sabaha, na ulikuwa ukweli mtupu.

Siku ya Jumamosi Isidori alikwenda Kariakoo kununua ndizi za kwao, ambazo alizinunua kila wiki kwa wauzaji wale wale, ili apate nafasi ya kulalamika kwamba si za kwao. Akipita Mtaa wa Narung’ombe akakiona kiatu. Kilikaa na mwenzake kwenye kizingiti cha nyumba, kimeelekea mtaani, kimefunguliwa mpaka chini. Isidori alisimama na mkungu wake begani. Fikra ya kwanza iliyomjia ni kwamba mgonjwa amefariki. Akasubiri. Baada ya robo saa Bi Sabaha akatoka mzima, akiaga, akainama, akakichukua kiatu kwapani, akaenda nyumba ya pili, akakiweka kizingitini, akaingia.

Isidori alimfuata nyumba tatu. Ya nne akamvamia barazani.

“Mama! Unafanya nini?”

“Shikamoo kwanza, bwana dresa, au kwenu watu hukutana kwa mayowe?”

“Shikamoo. Unafanya nini?”

“Marahaba. Naalika.”

“Kiatu! Nilikwambia usivue!”

“Ukaniambia kuoga, kuswali na kulala. Nimekushika neno kwa neno.”

“Na hapa unavua kwa nini?”

Bi Sabaha akamtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini kijiko kinaingia mdomoni. “Naingia kwa watu.”

“Ndiyo. Uingie nacho.”

“Ndani?”

“Ndani.”

“Juu ya mkeka?”

“Juu ya mkeka, juu ya kitanda, juu ya chochote!”

Wanawake watatu waliokuwa wakisikiliza kutoka dirishani wakaguna kwa pamoja. Mmoja akasema, “Masikini, hana mama.”

“Mwanangu,” akasema Bi Sabaha, kwa upole sasa, “kwenu watu huingia nyumbani na viatu?”

Isidori akafikiri. Kwao Kibosho watu waliingia na viatu, kama wanavyo, na matope yake, maana nyumba nyingine zilikuwa na ng’ombe ndani, na ng’ombe hawajali. Ilimpitikia kwa mara ya kwanza kwamba yeye na mgonjwa wake walikuwa wametumia maneno yale yale juu ya nyumba mbili tofauti. Alikaa barazani akaweka ndizi chini.

“Siku moja unaingia nyumba ngapi?”

“Zikiwa nyingi, arobaini.”

“Basi mguu wako unafanya kazi ndani. Barabarani unapita tu. Mama, ukiendelea hivi, mwezi wa nne daktari hatakuwa na cha kugandisha.”

Hilo Bi Sabaha alilielewa. Siku tatu tu zilibaki kufika tarehe ya Shaibu, na Shaibu alikuwa tayari amekwenda kwa mpiga chapa, akasema ni kwa tahadhari, akarudi na kadi themanini. Mpiga chapa alikuwa na picha moja tu ya harusi, ya njiwa wawili na kengele. Shaibu aliona kengele ile ni mapambo.

Bi Sabaha alijaribu kuingia na kiatu mara moja. Mwenye nyumba alikuwa rafiki yake wa miaka thelathini. Aliukunja mkeka taratibu kutoka upande ule mwingine, mpaka mkunjo ukafika miguuni pa Bi Sabaha, ukasimama ukimngoja. Bi Sabaha akatoka.

Siku ya tarehe yenyewe akaenda kwa Binti Shomari, Shaibu akiwepo, bahasha zimepangwa juu ya meza kama askari.

“Mguu unatembea?” akauliza Binti Shomari.

“Unatembea. Hauingii.”

“Maana yake nini, hauingii?”

“Nitaalika barazani. Nitasimama nje na kiatu changu, wenyewe watoke.”

Shaibu akacheka mpaka akavua miwani. “Bi mkubwa wa miaka sabini atoke nje kualikwa kama anauziwa mkaa! Shangazi, mtu wa kwanza tu atakufungulia mbwa.”

“Na kadi yako itaingia kwa miguu gani?”

“Kadi inaingia mfukoni.”

Binti Shomari aliwatazama wote wawili. Alikuwa mwanamke aliyewahi kugawa nyumba tatu kwa wapangaji kumi na tisa bila kesi, na akafanya alichokuwa akifanya siku zote. “Nyumba themanini kwa kadi, themanini kwa mguu. Shaibu achukue Sikukuu na Magomeni. Somo, wewe chukua Narung’ombe na Mkunguni. Jumatatu mtu ambaye watu wake wamelalamika, anaacha.”

Bi Sabaha alianza na nyumba ngumu kuliko zote, ya Mtaa wa Narung’ombe, ya bibi mmoja aliyeitwa na wote Bi Mkubwa, ambaye hakuwa ametokea nje barazani tangu mazishi ya mumewe. Akafunga tundu zake zote ishirini na mbili na mkanda, akasimama mchangani, akaita kwa ile sauti ya kufika uani.

“Hodi, Bi Mkubwa! Ni Sabaha! Nimekuja na salamu, na mguu wangu una amri ya serikali usivuliwe!”

Kisha mlango ukafunguka, wakatoka wajukuu wanne, kiti, mto wa kiti, na mwisho Bi Mkubwa mwenyewe, amejifunga kanga mpya. Akaketi. Akakitazama kiatu kutoka juu mpaka chini.

“Cha serikali?”

“Cha serikali, mama.”

“Haya. Sema.”

Bi Sabaha akasema. Alizoea kulisema neno lile chumbani, kwa sauti ya chumbani. Lakini barazani sauti ya chumbani haifiki, basi akalitoa lote kwa nguvu, na Mtaa wa Narung’ombe mzima, upande huu na ule, ukasikia kwamba Binti Shomari wa Sikukuu anamsalimu Bi Mkubwa, wa kwanza kabla ya watu wote, na anamwomba aje yeye na wa kwake. Madirisha yalikuwa yamefunguka. Cherehani iliyokuwa ikilia barazani kwa jirani ilisimama.

Bi Mkubwa akayatazama madirisha yale moja moja. Kwa miaka arobaini alikuwa akialikwa wa kwanza, na kwa miaka arobaini hakuna aliyekuwepo kushuhudia.

“Sijasikia vizuri,” akasema. “Rudia.”

Nyumba ya pili walitoka kabla ya hodi. Nyumba ya nne mwenyewe alikuwa amejipaka wanja. Nyumba ya saba walimwomba angoje kidogo, kwa kuwa jirani waliyegombana naye amekwenda kisimani na ingefaa arudi kwanza. Saa tisa alasiri alipoingia Mtaa wa Mkunguni, wanawake walikuwa wamekaa nje pande zote mbili, wamevaa, wakijifanya wanachambua mchele. Mmoja alikuwa akichambua chombo kitupu.

“Wee Sabaha,” aliita mmoja kutoka mbali, “mimi unanifikia saa ngapi?”

“Kwa zamu yako!”

“Zamu yangu ni ya ngapi?”

“Utaisikia, na wenzako wataisikia.”

Kwa siku mbili alimaliza themanini. Mguu ulivimba kidogo jioni, ukashuka asubuhi. Bamba la ngozi likaanza kuchukua umbo la unyayo wake, jambo ambalo Marcelino alilitazama kama baba anayemwona mtoto anasimama.

Kadi za Shaibu nazo zilifika zote, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Zilifika kimya. Sikukuu wanawake wengi walisoma herufi za Kiarabu tu, wakaigeuza kadi wakaona kengele, wakaulizana kama binti anaolewa kanisani. Mmoja akafunikia kikombe. Bakili muuza samaki, mwenye mke Sikukuu na mke Magomeni, alipata kadi moja iliyoandikwa Bwana Bakili na Bibi. Mke wa Sikukuu akaitia sandukuni akafunga kwa ufunguo. Mke wa Magomeni akapata habari kabla ya adhuhuri. Bakili akahamia kwa muda kwenye meza yake ya samaki, ambapo aliwaeleza wateja kwamba alipokuwa akialikwa na Bi Sabaha alikuwa na wake wawili, na serikali ya karatasi imemwachia mmoja bila kumuuliza yupi.

Jumapili walikuja kwa Binti Shomari wanawake saba, wakiwa wameshika bahasha kwa vidole viwili.

“Dada, tumeletewa hizi.”

“Si ndiyo mwaliko?”

“Tulidhani ni kodi.”

“Narung’ombe wamealikwa,” akasema mwingine, “wametolewa viti nje, watu wameona. Sisi tumechomekewa mlangoni kama wadaiwa. Kama hututaki, sema.”

Binti Shomari hakusubiri Jumatatu. Bi Sabaha akaanza upya Sikukuu, kisha Magomeni kwa teksi aliyolipiwa, na kwa mke wa Bakili wa Magomeni alisimama muda mrefu kuliko kawaida, akatamka jina la mke yule mara mbili.

Jioni ya mwisho, akirudi, alipita mbele ya nyumba ya Shaibu. Karani alikuwa amekaa barazani, kanzu imepigwa pasi, kalamu zote mbili mfukoni, mkewe kando amejifunga kanga ya doti mpya. Hakukuwa na sababu ya kuwaalika. Walikuwa wenye shughuli. Lakini majirani walikuwa nje, na walikuwa wakitazama.

“Unapita, Shangazi?” akauliza Shaibu, akitazama mawinguni.

“Napita.”

“Watu hapa wanauliza uliza.”

Bi Sabaha akasimama. Akaweka kiatu cha chuma mbele, akavuta pumzi, akamwalika Shaibu Shomari kwenye harusi ya mpwa wake, kwa sauti iliyofika kisimani.

Ramadhani ilipoandama daktari akapasua. Bi Sabaha alikaa na plasta miezi mitatu, mguu juu ya mto, akipelekewa futari na mitaa minne iliyokuwa ikishindana. Mwezi wa Mfunguo Tatu plasta ilikatwa. Mguu ulikuwa mwembamba, mgumu upande upande kama alivyoahidiwa, na umenyooka. Daktari akamgeuza mgongo akachuchumaa, akahesabu. Kidole kimoja na nusu. Akatabasamu mara ya kwanza, akasema maneno mengi.

“Anasema umepona, Mama,” akatafsiri Isidori. “Anasema chuma basi. Kiatu cha kawaida kinatosha. Na kwa watu,” akaongeza kwa fahari, kwa kuwa hili alikuwa amelieleza yeye mwenyewe mpaka daktari akalielewa, “kwa watu sasa unaweza kuvua ukaingia.”

Bi Sabaha akashukuru, akaenda zake Kariakoo, na wiki ile ile akatumwa na harusi ya Mtaa wa Mkunguni. Alifika nyumba ya kwanza katika makubazi mepesi, mguu ukiwa hauna hata nong’ono. Akapiga hodi, akayavua kizingitini, akainua mguu wake uliopona kuingia.

Mwenye nyumba alikuwa tayari amekaa nje na kiti chake. Akamshika mkono.

“Sabaha, unakwenda wapi? Kiatu chako kiko wapi?”

“Nimepona, shoga.”

“Alhamdulillahi. Na majirani nitawaambia nini? Nenda kakivae.”